Nanga Kwanza, Mandhari Baadaye

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wavuvi, wenye vyombo na vijana wa mialo ya Mwanza, yaani bandari ndogo za wavuvi kwenye Ziwa Victoria. Wengi walikuwa ziwani siku ile, ndiyo maana nayaweka yote hapa. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Mwenyekiti wa mwalo, wazee wangu, mama zangu wa dagaa, kaka na dada zangu, vijana: mwangaluka!

Mmeitikia vizuri, basi hamjalala. Nimeombwa niwaeleze maisha ya kwenye boti ya tanga kule baharini, kwenye visiwa vya mbali. Najua kilichowaleta baadhi yenu. Mmeona picha kwenye simu: boti nyeupe, maji ya kijani, mzungu amejilaza na dafu mkononi. Mnajiuliza: huyu mtu anafanya kazi saa ngapi? Na mimi, binti wa kisiwa cha Ukerewe, nilifikaje pale?

La binti nitalijibu haraka. Nilikuwa mpishi hotelini Zanzibar. Mzee mmoja na mkewe, wastaafu kutoka Ufaransa, walitaka mtu wa kuwapikia na kusaidia kuvuta kamba mpaka Nosy Be, Madagaska. Nikaenda. Baada ya Nosy Be ikaja Komoro, baada ya Komoro Shelisheli, baada ya Shelisheli visiwa vya Chagos katikati ya Bahari ya Hindi, na yule mpishi akawa baharia wa zamu, anashika usukani usiku wenye boti wamelala. Mama zangu, mnaoambiwa mwanamke akipanda mtumbwini samaki wanakimbia: mimi nimevua jodari kwa mkono wangu, wala hakunikimbia.

Lakini sikuja kujisifu. Nimekuja na swali. Wale watu wa boti za tanga wanaishi mahali pasipo na zahanati, pasipo na fundi, pasipo na polisi wa maji, na wengi wao wanazeeka humo humo kwenye boti zao. Sisi tuko kwenye ziwa ambalo usiku unaona taa za ng'ambo, simu inashika mtandao, na bado kila msimu tunazika. Kwa nini?

Mtaniambia wana pesa. Kweli wanazo, siwezi kubisha, nimeona bei ya tanga moja. Ila nimeishi nao, nimekula nao, nimepangiwa zamu nao. Walichonacho zaidi ya pesa ni hiki: kitu kinachoweza kupimwa hawakiachii bahati. Kina wanapima. Maji wanapima. Upepo wanapima. Kamba wanapima. Mandhari wanaangalia baadaye.

Tuanze na nanga, na kwenye nanga nitakaa sana, mnisamehe.

Watu wanadhani boti ya tanga muda wote iko mbioni. Siyo. Boti ile muda mwingi imesimama. Imesimama wiki, imesimama mwezi, inasubiri upepo ugeuke, inasubiri kibali, inasubiri kipuri kinachokuja na ndege ya kisiwani. Wenyewe ndani wanapika, wanafua, wanashona tanga, wanagombana, wanapatana. Ile ni nyumba, na msingi wa nyumba ile ni nanga. Nanga ikiachia saa nane usiku, nyumba inaondoka kuelekea mwambani na wewe umo kitandani.

Nani humu anatia nanga kwa jiwe? Nyoosheni mikono, hakuna wa kuwacheka. Haya, ni wengi. Na kamba zenu zina urefu gani?

(Mmoja akajibu: "Inategemea kina!")

Vizuri sana, inategemea kina. Kivipi? Kina kikiwa mita 8, unatoa kamba mita ngapi? Kumi? Ndivyo nilivyokuwa nikiona nyumbani tangu nikiwa mtoto: jiwe likigusa chini, unafunga.

Sasa sikilizeni kule wanavyofanya. Mzee wangu yule Mfaransa akifika kwenye ghuba hatupi nanga. Anazunguka kwanza. Anasoma kina, anaangalia rangi ya maji. Mchanga unaonekana mweupe wa kijani, matumbawe kahawia, majani ya bahari meusi. Anatafuta mchanga, kwa sababu nanga kwenye matumbawe inavunja kitu kilichokua polepole miaka mingi, na mnyororo unajizungusha kwenye jiwe mpaka huwezi kuung'oa. Na kwenye mlango wa miamba haingii jua likiwa usoni, wala haingii jioni. Anaingia jua likiwa juu, nyuma ya mgongo, mtu mmoja amesimama omo, yaani mbele kabisa ya chombo, amevaa miwani ya jua, anatazama chini na kuonyesha njia kwa mkono. Tukichelewa, tukifika jua linazama, tulikuwa tunageuza na kurudi maji makuu, tunakaa huko mpaka asubuhi. Hebu fikirini! Umechoka, kisiwa unakiona, harufu ya nchi kavu unaisikia, na nahodha anageuza chombo.

Akipata mahali, anapiga hesabu. Kina mita 8. Kutoka usawa wa maji mpaka omo, mita 1. Jumla 9. Zidisha mara 5: mita 45 za mnyororo. Upepo ukitarajiwa kuwa mkali, mara 7: mita 63. Kwenye kina cha mita 8!

Na wenzetu wa baharini wana jambo moja ambalo sisi Mungu ametuepushia, nalo ni maji kupwa na kujaa. Zanzibar wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapanda na kushuka karibu mita 4. Ukitia nanga penye mita 4 maji yakiwa yamekupwa, baada ya saa sita uko penye mita 8, na kamba uliyoiona ndefu imekuwa fupi bila wewe kuigusa.

Kwa nini mara 5? Hapa wakulima watanielewa kuliko wavuvi. Nanga ni plau. Ng'ombe wakiivuta plau kwa ulalo, inazama ardhini. Ukiiinua pua, inaparaza juu juu. Kamba fupi inaivuta nanga kwenda juu, kwa hiyo inang'oka. Kamba ndefu inaivuta kwa ulalo, na kadiri upepo unavyovuta ndivyo inavyozidi kuzama. Mnyororo unasaidia zaidi kwa sababu ni mzito, unalala chini kabla ya kupanda.

Akishautoa mnyororo bado hajamaliza. Anarudisha injini nyuma, polepole, halafu kwa nguvu, aone kama imeshika. Kisha tunachagua alama mbili nchi kavu zilizo kwenye mstari mmoja, tuseme mnazi na jiwe. Mnazi ukiliacha jiwe, tunaburutwa. Na mimi navaa miwani ya kuzamia, nashuka kuitazama nanga yenyewe imelalaje. Mwisho tunaweka ulinzi kwenye simu: kuna programu za bure zinazotumia GPS, unachora duara, boti ikitoka nje ya duara simu inapiga kelele. Simu hizo hizo mlizonazo mfukoni.

Usiku mmoja tulikuwa kusini mwa Mwali, kisiwa kidogo cha Komoro. Pembeni yetu ilikuwapo boti nyingine, kubwa kuliko yetu, mpya, inang'aa. Mwenyewe alitaka kuwa karibu na ufuko apate kuogelea, kwa hiyo akatoa mnyororo mfupi asije akazunguka na kugonga mwamba. Saa tisa usiku ikaja tufani fupi kutoka kusini, mvua na upepo pamoja. Nilikuwa zamu. Niliona taa ya juu ya mlingoti wake inatupita, taratibu, inakwenda. Nikapiga honi, mzee akaamka, tukapiga mayowe kwa Kifaransa na Kiswahili. Jamaa anatoka nje na taulo, boti yake imeshapanda mwamba kwa tezi, upande wa nyuma.

Hakufa mtu. Asubuhi wanaume wa kijiji wakaja na galawa zao, wakasubiri maji yajae, wakaifunga kamba, wakaivuta ikaelea. Usukani ulikuwa umepinda. Tulisikilizana nao vizuri tu, mimi na Kiswahili changu na wao na lugha yao, maana maneno mengi ni ndugu. Tulipouliza malipo, mzee wao akasema wapeni kamba. Wakapewa kamba nene ya nailoni, wakafurahi kuliko pesa. Wavuvi ni wavuvi, popote.

Sasa nyumbani. Ziwa letu sehemu nyingi chini ni tope. Jiwe kwenye tope linateleza, halichimbi kitu. Usiku wa giza mko kwenye dagaa, taa zinawaka, upepo unaingia, na mnachotegemea ni jiwe na kamba ya mita kumi. Wazee wangu, mimi siwaambii mkanunue nanga ya Ulaya. Fundi yeyote wa kuchomelea hapa mjini anaweza kukutengenezea nanga ya nondo yenye makucha. Vipande kadhaa vya mnyororo mbele yake, kisha kamba yako. Na kamba iwe ndefu. Hilo tu. Kamba iwe ndefu!

La maji nitalisema kwa ufupi, kwa sababu linaniuma.

Boti yetu ilibeba lita 400 za maji baridi, kwa watu watatu, na chini yetu bahari nzima isiyonyweka: gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita. Kulikuwa na mashine ya kuondoa chumvi. Pampu inasukuma maji ya bahari kwenye utando mwembamba kwa nguvu inayozidi mara 20 shinikizo la tairi la gari, upande wa pili yanatoka maji matamu, kidogo kidogo. Inakula umeme, na umeme ni wa sola. Mawingu yakikaa siku mbili tatu, hakuna mashine. Basi tunatandaza turubai juu ya sitaha, mvua ya mwanzo tunaiacha ioshe chumvi na kinyesi cha ndege, inayofuata tunaielekeza kwenye tangi kwa mpira. Vyombo tunaosha kwa maji ya chumvi, tunasuuza kwa kikombe kimoja. Kuoga, vivyo hivyo. Kule kila kikombe cha maji kina mwenyewe.

Halafu nikarudi likizo kwetu Ukerewe. Maji matamu kila upande, ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, na mtu anachuchumaa ufukweni asubuhi, mwenzake hatua ishirini mbele anachota ya uji. Kisha tunashangaa kichocho. Tunashangaa kipindupindu. Niambieni, kati yetu na yule aliyezungukwa na chumvi, nani ana shida ya maji?

Chakula, mama zangu, hapa mngenifurahia. Friji ndiyo inayokula umeme kuliko vyote, kwa hiyo mpishi wa boti anajifunza kuishi bila hiyo. Mayai ambayo hayajaoshwa na hayajawahi kuingia friji yanakaa wiki kadhaa ukiyageuza kila baada ya siku chache. Kabeji unaibandua majani ya nje, ya ndani bado mabichi. Maboga, vitunguu, viazi vinavumilia. Nyanya unanunua za kijani, kila moja unaifunga gazeti. Msinunue mkungu mzima wa ndizi! Tuliuning'iniza nyuma ya boti tukijiona matajiri, ukaiva wote kwa siku moja. Asubuhi ndizi, mchana ndizi, jioni mkate wa ndizi. Mzee alikataa kusikia hilo jina mpaka Shelisheli.

Samaki, je? Samaki tele, ila kule kuna sumu. Vijidudu vya mimea vinaota kwenye matumbawe, samaki wadogo wanavila, wakubwa wanawala wadogo, na sumu inajikusanya kwenye chewa mkubwa, kwenye mzia mkubwa. Hainuki, haina ladha, na kupika hakuiondoi. Aliyekula anatapika, midomo inamfa ganzi, na maji ya baridi akiyagusa anahisi yanamuunguza. Dawa yake nini? Kabla ya kutupa ndoano kisiwani unawauliza wenyeji: samaki gani mnamla, wa upande gani wa mwamba? Upande mmoja wanakula, upande wa pili hawagusi. Hakuna kitabu kinachojua hilo kuliko mvuvi wa pale.

Tuje kwenye anga. Hapa tena nitakaa.

Boti za tanga zinapanga mwaka mzima kwa upepo. Kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kusi kuanzia Aprili mpaka Oktoba. Babu zetu wa pwani waliyajua haya kabla ya mashine yoyote. Na kuna vimbunga, kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambavyo vitabu vinaviandikia Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo miezi hiyo wanakimbilia karibu na ikweta, Shelisheli au pwani yetu, maana vimbunga havipendi kufika karibu na ikweta. Lakini kalenda haitoshi. Kimbunga Hidaya kilikuja pwani ya Tanzania Mei 2024, mwezi ambao kalenda inasema tupumzike. Desemba mwaka ule ule kimbunga Chido kikakisambaratisha kisiwa cha Mayotte. Kwa hiyo mzee wangu alikuwa na daftari. Kila baada ya saa nne, usiku na mchana, anasoma kipimahewa, chombo kinachoonyesha mgandamizo wa hewa, na kuandika. Anaandika upepo, unatoka wapi, nguvu gani. Anaandika mawingu. Mimi nilidhani ni ugonjwa wa uzee. Baadaye nikawa naandika mwenyewe.

Kuna Mfaransa mmoja, Bernard Moitessier, mabaharia wa tanga wanamheshimu sana. Mwaka 1952 alikuwa anavuka Bahari ya Hindi kutoka Asia peke yake kwa mashua yake, Marie-Thérèse. Kwa kupima jua alijua yuko umbali gani kaskazini au kusini. Lakini ili ujue uko wapi mashariki au magharibi unahitaji saa ya kuaminika, na yeye hakuwa nayo. Alikuwa anakisia. Akagonga kisiwa cha Diego Garcia, kwenye hivyo visiwa vya Chagos, na mashua ikaishia pale. Mtu hodari, jasiri, tanga analijua kuliko wote tuliomo humu. Akafika Morisi hana chombo, akafanya kazi miaka kadhaa ndipo akaunda kingine. Uhodari alikuwa nao, kipimo hakuwa nacho.

Sasa geukeni mtazame ziwa letu. Mchana nchi kavu inapata joto, upepo unatoka ziwani kwenda bara, mvua inanyesha bara alasiri. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto lake. Upepo unatoka kila ufuko kwenda katikati: unatoka Mara, unatoka Kagera, unatoka kwetu, unakutana ziwani. Ukikutana hauna pa kwenda ila juu, unapanda na mvuke wote wa ziwa. Ndiyo radi mnazoziona usiku wa manane mpaka alfajiri. Kwa hiyo radi kali za ziwani zinapenda usiku. Na mvuvi wa dagaa anatoka lini? Usiku, tena usiku wa giza usio na mwezi, hata wingu linalokuja halioni.

Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa ziwa letu. Unasomwa redioni, unapatikana kwenye simu. Swali langu kwa matajiri wenye mitumbwi, na najua mko humu, mmekaa viti vya mbele: utabiri ukisema mawimbi makubwa, na vijana wakisema leo hatutoki, unawaambia nini? Unawaambia poa, au unawaambia wapo wengine wanaotaka kazi? Mzee wangu Mfaransa alikuwa mkali, mbahili, na kahawa yake nikikosea siku yote inaharibika. Lakini neno "leo hatutoki" likitoka kwa mtu wa zamu, hata awe mpishi, halijadiliwi.

(Viti vya mbele vikacheka kidogo. Vya nyuma vikapiga makofi.)

Niseme na la kuogelea. Joshua Slocum ndiye mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga, alitoka Marekani mwaka 1895 akarudi 1898. Yule nahodha hakujua kuogelea! Pwani ya Uruguay mashua yake ilikwama ufukweni, akapakia nanga kwenye kidau aipeleke majini, kidau kikapinduka, akabaki ameng'ang'ania kidau. Alinusurika. Wavuvi wengi mtampenda Slocum kwa sababu ni mwenzenu wa kutojua kuogelea, nawajua. Ila msisahau kwamba mwaka 1909 alitoka tena, na hakuonekana mpaka leo.

Kwenye boti yetu usiku hutoki nje bila jaketi okozi na kamba inayokufunga kwenye chombo. Hata kwenda haja ndogo. Hasa kwenda haja ndogo, wanaume mnanielewa: umesimama ukingoni, mikono miwili ina kazi, wimbi moja tu. Ukianguka usiku chombo kikiwa kinatembea, mwenzio akigeuka tayari hakuoni. Sitaki kurudia habari za kuzama kwa meli ya MV Bukoba, 21 Mei 1996, wala kivuko cha MV Nyerere, 20 Septemba 2018, kikikaribia gati pale kisiwa cha Ukara. Humu wamo waliopoteza ndugu, na mimi ni mmoja wao. Nauliza tu: jaketi okozi ulilonunua ili upite ukaguzi, liko wapi saa hii? Limevaliwa, au ni mto wa kukalia?

Ugonjwa nao. Kuna kisiwa cha Suwarrow, Pasifiki, ambacho zamani hakikuwa na mtu. Tom Neale kutoka New Zealand alikwenda kuishi peke yake pale mwaka 1952. Siku moja mwaka 1954 alikuwa kwenye kidau chake, akarusha nanga, maumivu makali yakamshika mgongoni. Akajikokota mpaka kibandani, akalala siku kadhaa hawezi kuinuka. Kilichomwokoa ni boti ya tanga iliyopita na kutia nanga bila hata kujua kuna mgonjwa. Hiyo ilikuwa bahati, na nani anaweza kuipanga? Wale wazee wangu walikuwa na sanduku la dawa lenye orodha, na kila kidonda cha tumbawe, hata mkwaruzo, kinaoshwa na kufungwa siku hiyo hiyo, kwa sababu kikioza uko mbali na daktari kuliko kambi yoyote ya wavuvi ya kisiwa cha Goziba. Kambi zetu ngapi zina sanduku la dawa? Tuendelee.

Jambo la mwisho, nalo halihusu kamba.

Chagos, kisiwa cha Boddam. Maji kama yake sijawahi kuona popote. Kaa wa nazi wanapanda minazi. Ukiwa na kibali ulichoomba mapema, boti inatia nanga, na usiku hakuna taa hata moja isipokuwa yako. Wageni wanasema: pepo, kisiwa kitupu! Nikashuka. Nikaona gati la mawe lililobomoka. Nikaona kanisa halina paa, mnazi umeota ndani. Nikaona makaburi.

Kitupu? Watu walizaliwa pale, wakaoa pale, walikuwa na Kikrioli chao na nyimbo zao. Uingereza ilitaka Diego Garcia iwe kambi ya jeshi la Marekani, na kati ya mwaka 1968 na 1973 watu wa visiwa vyote vile waliondolewa, wakapelekwa Morisi na Shelisheli. Mbwa wao waliuawa. Wenyewe na watoto wao wamedai kurudi tangu hapo, na Mei 2025 Uingereza na Morisi zilisaini mkataba kuhusu visiwa hivyo. Mimi mtoto wa kisiwani nilikaa kwenye ngazi za kanisa lile nikafikiria Ukara, nikafikiria Irugwa. Nikafikiria na Rubondo, ambako nako wavuvi walihamishwa, mbuga ikaja, na leo mgeni anaambiwa ni msitu usioguswa.

Vijana, wengi mmeniuliza kuhusu kazi. Zipo. Boti za tanga zinapita Zanzibar, Mafia, Tanga, Kilwa, zinahitaji mpishi, fundi injini, mshona matanga, mtu anayejua kuishi majini bila kutapika. Ninyi mmezaliwa majini. Na siku moja tutakuwa na boti zetu za tanga humu ziwani, zenye wageni wanaokwenda Saanane, Ukerewe, Rubondo, polepole, bila kelele za injini. Hazitatoka baharini, maporomoko ya Nile hayaruhusu. Zitaundwa hapa, na mafundi wetu wapo. Siku hiyo ikifika, kijana utakayekuwa nahodha, mgeni akikuuliza kuhusu kisiwa, usimwambie kitupu. Mwambie nani waliishi, na sasa wako wapi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimemaliza. Maswali tutajibizana kwa vitendo: nje, chini ya mwembe, kuna nanga ya nondo yenye makucha manne, mita tano za mnyororo, na kamba ndefu. Mwenye boti ya injini atupe dakika ishirini. Tutaitia kwa kamba fupi, turudishe injini nyuma, tuone. Halafu tutoe kamba mara tano, turudishe tena. Mlionyoosha mkono kwa ajili ya jiwe, njooni na jiwe lenu. Jaketi okozi ziko mlangoni, kila anayepanda anachukua moja.